Oili Inayovuja Katika Pikipiki, na Jinsi ya Kuizuia Nyumbani



Leo nataka kusema juu ya jambo lililo dogo machoni pa watu wengi, nalo ni lile doa jeusi lionekanalo asubuhi chini ya pikipiki. Wako wasemao kwamba kila injini hutoa jasho, nao huendelea na safari zao. Lakini pikipiki nyingi zichukuazo abiria katika Kenya, zile za ujazo wa 100 hadi 150, hubeba oili ipatayo lita moja tu, na oili hiyo hiyo hulainisha pistoni, gia na klachi pamoja. Motokaa hubeba yapata lita nne. Robo lita ikipotea katika motokaa, huenda dereva asitambue. Ikipotea katika pikipiki, ni robo ya akiba yote. Oili ikipungua mno, pistoni hushikana na silinda, na gurudumu la nyuma laweza kukaza ghafula barabarani, hali mama amekaa nyuma na mtoto mgongoni. Tena wako wengi ambao pikipiki yao ingali ya mkopo, na mwenye kukopesha hangoji injini itengenezwe.

Basi kwanza yafaa kujua oili yatoka wapi hasa. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Oili hushuka chini, upepo huisukuma nyuma, na vumbi huigandisha. Kwa hiyo mahali palipo pachafu kuliko pote si lazima pawe ndipo penye ubovu. Mtu huweza kununua gasketi ya chini ya silinda, kumbe oili yatiririka kutoka kifuniko cha valvu kilicho juu. Hata mafuta ya cheni yaliyoruka huonekana kama oili ya injini. Ngoja injini ipoe, uisugue kwa brashi na mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni, uifute mpaka ikauke kabisa. Usitumie petroli, maana mvuke wake hushika moto kwa cheche moja. Kisha nyunyiza poda kidogo juu ya injini, ile wapakwayo watoto, uendeshe polepole kwa dakika kumi. Ukirudi, tazama kutoka juu kwenda chini. Mahali pa juu kabisa palipolowa, hapo ndipo pa kushughulikia.

Kabla ya kufungua nati yo yote, pima oili. Pikipiki isimame wima katika mahali sawa, si kwa kuegemea mguu wa pembeni; injini iwashwe dakika chache, izimwe, ingojewe kidogo. Katika injini nyingi kijiti cha kupimia hutiwa bila kukazwa. Nyingine zina kioo kidogo ubavuni. Kitabu cha mtengenezaji kitakuambia. Watu hudhani kuzidisha oili ni ukarimu. Hasha! Oili ikipita kipimo hutafuta njia ya kutokea. Kadhalika uutazame mrija ambao injini hupumulia. Ukizibwa na matope au ukikunjika, pumzi iliyofungwa ndani huisukuma oili nje kupitia sili ambazo hazina ubovu wo wote.

Kama oili yatoka katika bolti ya chini ya kutolea oili, mara nyingi kosa ni la washa yake. Washa hiyo ni ya shaba au aluminiamu, nayo hufanya kazi kwa kubonyea. Ikiisha kubonyea mara moja, haina nguvu tena. Tia mpya kila umwagapo oili, kwa kuwa bei yake ni ndogo sana. Lakini usitie bomba refu katika spana ili ukaze zaidi. Mwili wa injini ni wa aluminiamu, na hesi zake zikiliwa, utepe wa mafundi wa mabomba hautakusaidia ila kwa siku mbili tatu; itakubidi uende kwa fundi azikate upya.

Gasketi ya mpira ya kifuniko cha valvu huwa ngumu kwa joto. Ng'oa ya zamani, safisha mfereji wake, tia mpya, ukaze bolti kidogo kidogo kwa kuvukana, si moja hadi mwisho. Gasketi ya karatasi ya kifuniko cha ubavuni huondolewa kwa kipande cha mti, wala si kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya oili. Usisahau kumwaga oili kwanza. Ama gundi ya silikoni, vijana huipenda mno na kuipaka kama siagi katika mkate. Inayobanwa kwenda ndani hukatika na kuziba chujio la oili, na injini hufa kwa kiu ingawa oili imejaa.

Sili ya mhimili wa gia, au ya mhimili wa gia ndogo ya cheni, yaweza kubadilishwa nyumbani ikiwa imeshindiliwa kutoka nje. Itolewe bila kukwaruza mhimili; mpya ipakwe oili mdomoni, upande wenye springi uelekee ndani, isukumwe sawasawa kwa soketi iliyo na upana wake. Zipo sili zilizofungwa kutoka ndani, nazo ni kazi ya fundi. Kadhalika gasketi za silinda, na mwili uliopasuka. Moshi wa buluu kutoka ekzosi ni habari nyingine: oili yaungua ndani, na hapana gasketi ya nje iwezayo kuuzuia.

Ikiwa oili imefika gurudumu la nyuma, osha tairi kwa sabuni kabla ya kupakia mtu. Bitana za breki zilizonyonya oili zibadilishwe; kuzichoma moto hakuzirudishi. Oili chafu isimwagwe shambani wala mtoni, nayo huidhuru ngozi ikizoewa. Iwekwe katika mtungi wenye kifuniko mpaka ipelekwe karakana ipokeayo. Baada ya matengenezo, zunguka karibu na nyumbani kwanza, utazame tena, kisha upime oili kila asubuhi kwa juma moja kabla ya kushika safari ndefu.