Sikio, Jicho na Mkono
(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka)



Mwanangu wa miaka saba alirudi kutoka shule analia. Katika imla ya Kiingereza aliandika "sed" mahali pa "said", akaambiwa mbele ya wenzake kuwa ni mjinga. Nami, nakiri mbele yenu, nilimkaripia tena.

Usiku nililitazama daftari lake, nikatahayari. Mtoto yule alitii sikio lake, kama alivyofunzwa katika Kiswahili, ambamo neno huandikwa kama litamkwavyo. Kiingereza hakiendi hivyo. K ya "knight" ilitamkwa zamani. Matamshi yakabadilika, maandishi yakabaki. B ya "debt" nayo iliingizwa na wataalamu ili neno lifanane na asili yake ya Kilatini.

Basi sikio likishindwa, jicho na mkono havina budi kusaidia. Mimi mwenyewe, nikisahau herufi za "receive", huliandika upesi kando ya karatasi, na mkono hunijibu kabla ya kichwa.

Mwalimu mmoja wa Marekani, Grace Fernald, alieleza njia ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1943. Neno huandikwa kwa maandishi makubwa. Mtoto hulifuatisha kwa kidole huku akilitamka, mara nyingi kadiri ahitajivyo. Kisha neno hufichwa, naye huliandika lote kwa moyo. Akikosa, hatengenezi herufi moja tu, bali huanza neno zima upya. Hapo ndipo mwandiko wa kuunganisha hufaa sana: kalamu haiinuki mpaka mwisho, na neno huwa mwendo mmoja, kama njia ya kisimani ambayo mguu huijua hata gizani.

Nyumbani tulitandaza mchanga katika sinia, maneno mawili kila jioni, wala hatukuzidisha. Baada ya majuma machache aliandika "said" bila kusita. "Because" lingali likimsumbua; tunaendelea nalo.

Wazazi wenzangu, tusiwaachie walimu peke yao kazi hii. Mchanga haununuliwi, na robo saa ya jioni kila nyumba inayo. Mtoto akikosa, tumwulize kwanza alisikia nini, ndipo tuuonyeshe mkono wake njia. Aitwaye mjinga kwa sababu ya herufi mbili huenda akaichukia kalamu maisha yake yote.