Chumvi, Shingo na Afya ya Mama

(Mada iliyotolewa na mwanachama mmoja, muuguzi mstaafu, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu)



Kamati imenipa dakika chache niseme juu ya chakula na afya ya akina mama. Nimechagua kitu kimoja tu, ambacho kila mmoja wetu hukitia sufuriani kila siku. Nacho ni chumvi.

Mwilini mwetu zimo tezi zinazotengeneza homoni. Homoni ni kama wajumbe: hupita katika damu na kupeleka maagizo kila mahali. Tezi moja ipo hapa mbele ya shingo, ina umbo la kipepeo. Homoni zake huamua mwili utumie chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, na ubongo wa mtoto aliye tumboni ukue vipi.

Ili kutengeneza homoni hizo, tezi inahitaji madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mama mjamzito au anayenyonyesha, 250. Ni kidogo mno. Kwa maisha yote hayajazi hata kijiko cha chai. Lakini lazima yaingie kidogo kidogo bila kukosa, kama hisa zetu za kila wiki. Huwezi kuleta za miaka 10 kwa siku moja.

Madini hayo yakipungua, tezi hujitahidi mpaka inavimba. Hilo ndilo rovu. Mama huchoka, husikia baridi, ngozi hukauka, siku zake huvurugika. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na akili iliyodumaa. Sisi wa milimani tuko hatarini zaidi, kwa sababu mvua za karne nyingi zimeyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo na kuyapeleka baharini. Hata shamba listawi namna gani, mahindi na maharage yake yatakuwa na upungufu. Samaki wa baharini wanayo, lakini hapa kwetu wao ni wageni.

Jamani, marehemu dada yangu alikuwa na rovu. Mimba mbili zilimtoka. Alikuwa akijifunika khanga mbili mchana wa jua, na watu wakamwita mvivu. Wengine walisema amerogwa, shemeji akauza mbuzi kumlipa mganga. Nami niliamini hivyo. Nilipokwenda kusomea uuguzi ndipo nilipofunuliwa macho, lakini kwake nilikuwa nimechelewa. Hakupimwa damu, kwa hiyo siwezi kuapa kuwa hiyo ndiyo sababu. Ila kila nikiona shingo iliyovimba, namwona yeye.

Sasa naomba mnisamehe kwa nitakalosema siku ya furaha. Duka letu la kikundi linauza chumvi ya kupima, isiyo na maandishi yoyote, gunia likiwa wazi mlangoni kwenye jua. Tuliileta kwa sababu ni rahisi na faida yake ni nzuri. Mimi pia nilinyoosha mkono siku ile tulipopiga kura, na sikusema neno. Lakini hapa Tanzania, tangu miaka ya 1990, kanuni zinataka chumvi ya kula iwe imetiwa madini joto. Tunakusanya akiba ili watoto wetu wasome; je, tuwauzie wenyewe kitu cha kuwapunguzia akili?

Kwa hiyo nashauri haya:

1. Tununue chumvi iliyofungwa na kuandikwa kuwa ina madini joto.

2. Tuihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, unyevu na joto la jikoni. Madini hayo hupotea.

3. Tuitie chakula kinapokaribia kuiva, si mwanzoni.

4. Tusiongeze chumvi kwa kudhani tunaongeza afya. Kwa siku isifike gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu chumvi yote unayokula. Ikizidi hupandisha shinikizo la damu.

5. Muhogo mchungu tuuloweke na kuukausha vizuri kabla ya kusaga. Sumu yake, isipotoka, huizuia tezi kupata madini joto, hasa kwa mtu anayekula muhogo kila siku na mboga kidogo.

6. Mwenye uvimbe shingoni aende hospitali apimwe. Si kila uvimbe unatokana na upungufu huu, na si kila uvimbe unatibiwa kwa chumvi.

Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja kwamba mkutano wetu ujao uamue chumvi ile iondoke dukani. Najua faida itapungua kwa shilingi kadhaa kila kilo. Lakini Waswahili wamesema, afya ni bora kuliko mali, na sisi tumekuwa tukiitafuta mali hiyo kwa ajili ya watu, si watu kwa ajili ya mali.

Kikundi kidumu.