Mfugaji wa Chechelesi Kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Kuku: Aende na Nini, Arudi na Nini

Hotuba kwa vikundi vya wafugaji wa kuku, Chechelesi



Mfugaji wa kuku akisikia habari za maonyesho ya kimataifa, mara nyingi husema hayo si yake. Ni ya wenye makampuni, watu wenye kuku elfu hamsini. Mwingine husikia habari hizo hizo akafikiri kinyume chake: kwamba akifika huko tu, atarudi na mashine ya kumtoa kwenye shida. Wote wawili wamekosea, lakini kosa la huyu wa pili ni ghali zaidi, kwa sababu mara nyingi hulipwa kwa pesa za kikundi.

Jambo la kushika leo ni moja. Mfugaji mdogo ana nafasi yake kwenye maonyesho hayo, mradi aende na maswali ya banda lake mwenyewe. Pesa za kununua abaki nazo nyumbani.

Isiolo ni kaunti ya ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Lakini ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, uliwafundisha wengi kutoweka mali yote kwenye kwato. Kuku haendi malishoni mbali. Anakaa nyumbani, na mara nyingi ni mali ambayo mama anaweza kuiuza mwenyewe mtoto akirudishwa nyumbani kwa karo. Kwa hiyo pesa ya kuku ikipotea, pengo lake huonekana jikoni wiki hiyo hiyo.

Maonyesho yenyewe ni yapi

Maonyesho makubwa ya sekta ya kuku duniani ni mengi. Yale ya Atlanta, Marekani, yanayojulikana kama IPPE, hufanyika kila Januari na historia yake inarudi nyuma hadi 1948. Huko Hannover, Ujerumani, kuna EuroTier, ya mifugo yote, kila baada ya miaka miwili. Abu Dhabi kuna VIV MEA. Karibu na nyumbani kuna Poultry Africa, yaliyoanza mjini Kigali, Rwanda, mwaka wa 2017.

Kwa mtu wa Chechelesi, hayo ya Kigali ndiyo yanayofikika. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, na mabasi hutoka Nairobi hadi Kigali kupitia Uganda. Maonyesho mengi ya aina hii huandikisha wageni mapema kwenye intaneti. Asiyejua kujiandikisha amwombe kijana wa nyumbani amsaidie.

Hata hivyo, hakuna aliyejifunza kuogelea akianzia baharini. Kabla ya Kigali kuna maonyesho ya kilimo ya Meru pale Gitoro, mwendo wa kilomita hamsini hivi kutoka mjini Isiolo. Kuna pia maonyesho ya kimataifa ya Nairobi katika uwanja wa Jamhuri, yanayoandaliwa na chama cha ASK. Mfugaji aliyekwisha kuuliza maswali Gitoro hatababaika Kigali.

Anayoyakuta mgeni

Anayetarajia kuona kuku wengi atashangaa. Maonyesho ya sekta ni kumbi zenye vibanda vya makampuni: vizimba vya chuma, mifumo ya maji na chakula inayojiendesha, mashine za kuangulia mayai maelfu kwa maelfu, chanjo, madini ya kuchanganya kwenye chakula, na mashine za kuchinja na kunyonyoa.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya huko ni beji ya shingoni, yenye jina la mgeni na kampuni au kikundi chake. Muuzaji husoma beji kwanza, ndipo aamue atampa mgeni dakika ngapi. Mfugaji asione haya. Aandike jina la kikundi chake, na akiulizwa ana kuku wangapi aseme ukweli. Akisema elfu tano na nyumbani ana arobaini, majibu yote atakayopewa yatakuwa ya mtu mwingine.

Hesabu kabla ya mashine

Kitu kinachowavuta wengi ni mashine ya kuangulia mayai. Chukua mfano wa kikundi cha akina mama ishirini chenye majogoo wa kutosha na matetea arobaini wa kienyeji. Wameweka akiba mwaka mzima, na mjumbe wao amesimama mbele ya mashine inayobeba mayai mia tano. Muuzaji anatabasamu, bei ni ya maonyesho, na kesho mlango unafungwa.

Hapo ndipo karatasi na kalamu zinapohitajika. Mayai ya kuangulia hayafai kukaa zaidi ya siku saba hivi kabla ya kuingia kwenye mashine. Kila tetea akitaga yai moja kila siku ya tatu, arobaini hao watatoa mayai tisini na tatu kwa wiki. Ukitoa yaliyopasuka, machafu na madogo, yanabaki themanini. Mashine ya mia tano itafanya kazi ikiwa na nafasi nne tupu kwa kila tano. Kikundi hiki kinahitaji mashine ya mayai mia moja. Pesa inayobaki inajenga sehemu ya kulelea vifaranga na kununua chakula chao, maana kifaranga akianguliwa leo anataka joto na chakula leo hii.

Swali la pili ni umeme. Mayai ya kuku huchukua siku 21, katika joto la nyuzi 37.5 hivi, na hugeuzwa mara kadhaa kila siku hadi siku ya 18. Umeme ukipotea usiku mzima, kazi ya wiki tatu inaweza kuharibika. Muuzaji aulizwe: inakula wati ngapi? Inaweza kutumia betri na sola? Ikikatika, hushika joto kwa saa ngapi?

Swali la tatu ni vipuri. Kidhibiti joto kikiharibika, nani anacho Nairobi au Meru, na fundi ni nani? Kama jibu ni kwamba kitaagizwa kutoka kiwandani ng'ambo, mayai hayatangoja.

Swali la nne ni bei ya kufika. Bei inayotajwa kibandani huenda ikawa ya mlangoni mwa kiwanda au ya bandari ya nchi ya mbali. Kuna usafiri wa meli, bima, ada za bandari, wakala wa forodha, kodi kama ipo, kisha lori hadi Isiolo. Mfugaji aulize bei ya kitu kikiwa Chechelesi, na apewe kwa maandishi. Kulipa malipo ya kwanza bila kujua hayo ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Kitu cha bei ndogo

Katika vibanda vile vikubwa, mara nyingi kitu chenye faida zaidi kwa mfugaji mdogo ndicho kidogo kuliko vyote: kichupa cha chanjo ya kideri, ambao wengi wanauita Newcastle. Kila mwenye kuku anaujua. Kuku wanasinzia, wanahara kijani, wengine shingo zinapinda, na ndani ya siku chache banda limebaki manyoya. Kundi ambalo halijachanjwa linaweza kuisha karibu lote, na hakuna dawa ya kuuponya.

Chanjo zipo. Hapa Kenya taasisi ya KEVEVAPI hutengeneza chanjo ya kideri inayoitwa Avivax. Ipo pia aina ya I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingine, na ambayo Tanzania huitengeneza kwake. Hutolewa kwa tone moja kwenye jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hata hiyo inayovumilia joto inapaswa kuwekwa mahali baridi na mbali na jua.

Ugumu wake ni kwamba kichupa kimoja kina dozi za kuku wengi, na kikishachanganywa hutumika siku ile ile. Mwenye kuku kumi akinunua peke yake atamwaga nyingi. Majirani kumi wakikubaliana siku moja, kila mmoja analipa shilingi chache na kuku wa mtaa mzima wanachanjwa. Kwa hiyo mjumbe wa kikundi auliize watengenezaji wa chanjo: kuna vichupa vya dozi chache? Inavumilia joto la nyuzi ngapi, kwa siku ngapi? Afisa wa mifugo aliye karibu atapanga naye ratiba ya kuchanja.

Joto lenyewe ni swali la Isiolo. Kuku huanza kuhema joto likipita nyuzi thelathini hivi, anakula kidogo na kutaga kidogo. Mabanda mengi yanayouzwa Ulaya yametengenezwa kuzuia baridi. Mfugaji aulize ya nchi za joto, na hapo mgeni kutoka Chechelesi ana la kuwafundisha wengine: paa la juu, kuta za wavu, kivuli cha mti, maji wakati wote, na chakula asubuhi mapema na jioni.

Asirudi na ugonjwa

Januari 2017 Uganda ilithibitisha homa ya mafua ya ndege, na Kenya ikasimamisha kuingiza kuku na mayai kutoka huko. Tukio hilo linakumbusha kwamba ugonjwa huvuka mpaka pamoja na watu na mizigo. Anayerudi safarini asibebe mayai, vifaranga, nyama wala manyoya. Kuingiza kuku au mayai ya kuangulia kunahitaji kibali cha idara ya mifugo ya taifa. Kama alitembelea shamba la kuku huko, afue nguo zote, asafishe viatu na kuvipaka dawa ya kuua viini, na akae siku kadhaa kabla ya kuingia bandani kwake. Mwingine awalishe kuku siku hizo.

Safari inaanza nyumbani

Wiki mbili kabla ya kuondoka, kikundi kikae chini. Kila mwanachama aseme kuku wake wangapi walikufa mwaka uliopita, kwa nini, na mayai aliyauza wapi. Kutoka hapo yaandikwe maswali matano. Mjumbe aende nayo mfukoni, na kikundi kiamue mbele ya wote kwamba hana ruhusa ya kulipia chochote huko, hata bei iwe tamu namna gani. Akirudi, asimame mbele ya wenzake asome jibu la kila swali. Uamuzi wa kununua ufanywe hapa, chini ya mti, na wenye pesa.

Mjumbe akirudi bila mashine, asichekwe. Akirudi anajua kwamba kikundi kilihitaji mashine ya mayai mia, chupa ya chanjo na siku moja ya majirani kukutana, basi nauli yake imerudi.