Jina Moja Katika Karatasi Zote: Matayarisho ya Kuomba Visa

Mazungumzo haya yalitolewa kwenye baraza la wananchi na mkazi wa Bongwe, mama aliyestaafu kazi ya hoteli. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Nimeombwa niseme habari ya kutayarisha stakabadhi za visa. Mimi si wakili, wala sijafanya kazi ubalozini. Nimeitwa kwa sababu niliomba visa nikanyimwa, nikaomba tena nikapewa, na tofauti ya mara hizo mbili ilikuwa karatasi tu.

Wengi mwajua kwamba binti yangu ameolewa Ujerumani. Alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza, alitaka mamake awe karibu. Nikafanya haraka. Nilijaza fomu saiba, nikavuka kivuko cha Likoni, nikapanda treni mpaka Nairobi kutoa alama za vidole. Paspoti ilirudi na barua ya kukataliwa: kusudi la safari halikuthibitishwa, na kuna shaka kama nitarudi. Mjukuu alizaliwa, mimi nikamwona kwenye simu.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yalikuwa yangu. La kwanza ni jina. Kwenye kitambulisho na paspoti naitwa Mwanahamisi. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, jina la mama ni Mwanamisi. Hapa Bongwe kila mtu ajua ni mtu mmoja. Afisa asiyenijua aliona wanawake wawili.

La pili ni pesa. Watu waliniambia kwamba akaunti yenye pesa kidogo haipiti. Nikakopa kwenye chama na kwa ndugu, nikaweka shilingi laki mbili siku tatu kabla ya kuchukua taarifa ya benki. Taarifa ikaonyesha elfu nne, elfu sita, kisha ghafla laki mbili. Hata mimi ningeshuku.

Mara ya pili nilianzia nyumbani. Nilitandika karatasi zote mkekani: kitambulisho, paspoti, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa. Nikalinganisha majina herufi kwa herufi, na tarehe pia. Fanyeni hivyo leo, hata kama hamna safari. Omari na Omar, Saidi na Said, Khamisi na Hamisi: kwetu ni sauti moja, kwenye kompyuta ni watu tofauti. Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, nenda ofisi ya usajili wa vizazi na vifo likasahihishwe. Pale majina yanapotofautiana, wakili hukuandikia hati ya kiapo kwamba ni mtu mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu pesa, safari hii nilisema ukweli. Mwenyeji wangu ndiye aliyegharimia. Kwa Ujerumani, anayekualika huenda ofisi ya wageni ya mji wake, akapewa hati rasmi ya kuahidi kulipa gharama zako. Mimi nikaonyesha kinachonirudisha Bongwe: hati ya shamba langu la minazi, leseni ya kaunti ya biashara yangu ya kuku, na taarifa ya benki ya miezi sita bila kuipamba. Nyumba, kazi, watoto wanaosoma, hivyo ndivyo vinavyosema utarudi. Kila kimoja kiwe na karatasi yake.

Sasa shikeni kalamu. Visa ya Schengen hufungua nchi 29 za Ulaya kwa safari fupi isiyozidi siku 90. Paspoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake upite angalau miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka huko. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na ukikataliwa hairudishwi. Unaweza kuomba miezi sita kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini laweza kufika siku 45. Kwa hiyo mwenye harusi Desemba asianze Novemba.

Anayemfuata mume au mke kuishi Ujerumani, hiyo ni visa nyingine. Kwa kawaida hudaiwa cheti cha lugha ya Kijerumani cha kiwango cha A1, na cheti cha ndoa kilichosajiliwa. Ndoa ya msikitini bila cheti haitoshi.

Vijana mnaotaka kwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Qatar au Oman, nawasihi kama mama. Visa ya kutembea si visa ya kazi. Kabla ya kumpa wakala shilingi au paspoti, hakikisheni kampuni yake imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Someni mkataba, na nakala moja ibaki nyumbani. Cheti cha maadili mema cha polisi huombwa kupitia eCitizen, na hakuna haja ya mtu wa katikati.

Na akija mtu kukuambia ana taarifa ya benki tayari, au barua ya kazi usiyoifanya, mkimbie. Uingereza ikigundua udanganyifu katika maombi, yaweza kukufungia miaka 10. Marekani yaweza kukufungia maisha. Ukinyimwa visa kwa karatasi pungufu, utaomba tena. Ukinyimwa kwa karatasi ya uongo, mlango wajifunga.

Wengine watasema haya ni ya wenye ndege. Kumbukeni majirani zetu Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni, wakafanya kazi mashamba ya mkonge na miwa hapa Kwale. Wajukuu wao waliishi bila kitambulisho hadi serikali ilipowatambua mwaka 2016. Wapemba wakafuata 2023. Waulizeni kama karatasi ni kitu kidogo. Kila safari huanzia kwenye kitambulisho, na kitambulisho huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa. Mama aliyejifungua juzi, soma jina aliloandikiwa mtoto kabla hujaondoka kaunta.

Mjukuu wangu alikuwa ashaanza kutembea nilipofika. Alinikimbia, hakunijua. Baada ya siku tatu hakutaka kulala ila mgongoni mwangu. Mwaka ule mmoja niliupoteza kwa herufi mbili na laki mbili za kukopa. Nyinyi msiupoteze.

Mwenye karatasi yake mkononi aje tuitazame pamoja.