Mlio Ndani ya Kompyuta



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi yangu. Nitasema juu ya kosa nililolifanya Mchinga, maana hilo nalijua vizuri kuliko mafanikio yangu.

Serikali yetu ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, mwaka 1974, mimi nilikuwa hapa kidato cha pili. Basi sikuigusa kompyuta mpaka ndevu zimeota mvi, na nilichokijua nilijifunza kwa kufungua na kufunga. Msimu wa korosho wa 2012 nilikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima. Tulikuwa na kompyuta moja ya mezani, nayo ndiyo iliyotunza hesabu za mizani: jina la mkulima, kilo, daraja, tarehe. Kitabu tuliacha kukiandika tangu mashine ilipokuja. Mkulima alipewa karatasi yake tu.

Siku moja ikaanza kulia. Kwanza mvumo kama wa nyuki, kisha mkwaruzo, na mara mojamoja: ko, ko, ko. Jenereta lilinguruma nje ya dirisha, na ukilizima hilo kompyuta nayo imezimika. Nikakumbuka somo la fizikia humu humu shuleni, mwalimu alipotulaza sikio juu ya dawati huku akilikuna kwa ukucha upande wa pili. Nikafungua ubavu wa kasha, nikachukua bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha kwenye fremu ya feni, mbali na nyaya. Mvumo ulikuwa pale.

Nikazima, nikachomoa waya wa umeme. Vumbi lilikuwa limegandamana na chumvi ya upepo wa bahari, na ndani yake mjusi aliyekauka. Waya mwembamba uliguswa na mapanga ya feni. Huo ndio mkwaruzo. Nikaufunga kwa uzi, nikatia tone la mafuta ya cherehani, feni ikanyamaza. Nilijisifu sana. (Kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme sikukifungua, nanyi msikifungue: huweza kubaki na umeme hata waya ukichomolewa.)

Lakini ile ko, ko, ko haikutoka kwenye feni, nami sikuifuata. Ndani ya diski ya kompyuta ile mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, 7,200 katika nyingi, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Kikikosa mahali pake hurudi, hujaribu tena, na tena. Kugonga kule ndiko kujaribu kwenyewe. Feni ikilia una siku kadhaa. Diski ikigonga huenda huna hata saa moja. Ilinipasa kunakili hesabu zote kwenye flashi kabla ya kugusa bisibisi. Nilishughulika na feni siku mbili. Siku ya tatu diski haikuamka.

Hesabu za wiki tatu zikapotea. Wakulima wakaitwa walete karatasi zao. Bibi mmoja alizifungua kutoka pindo la khanga, akaniuliza, “Mwanangu, kwani mashine imekula kilo zangu?” Nikazisoma mojamoja mpaka jioni. Mzee mmoja hakuwa nayo, ilifuliwa pamoja na shati. Kilo zake tuliziandika kwa ushahidi wa kijana aliyembebea magunia, na mpaka malipo yalipotoka sikupita mbele ya nyumba yake.