Barabara Si Bure

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya kamati ya huduma katika maadhimisho ya hekalu letu



Katika siku ya kumbukumbu, desturi ni kuhesabu yaliyotendeka. Sisi tunaomba ruhusa ya kuanza na lililotushinda. Tulipopeleka kambi ya macho vijijini, wazee waliokutwa na mtoto wa jicho waliandikiwa rufaa ya kupasuliwa mjini bila malipo. Siku ilipowadia, wengi hawakutokea. Tukawalaumu. Tulipokwenda kuwauliza, tuliona haya.

Bibi mmoja alituambia, "Wanangu, upasuaji ni bure, lakini barabara si bure." Palikuwa na nauli yake na ya mjukuu wa kumshika mkono, chakula cha siku mbili, shamba la kuachwa wakati wa palizi, na juu ya yote, hofu ya kisu. Tulikuwa tumelipia gharama tuliyoijua sisi, tukaisahau aliyoijua yeye.

Mtoto wa jicho ndiye sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani. Lenzi ya jicho hupata ukungu, mara nyingi kwa sababu ya umri, wala hakuna dawa ya matone iwezayo kuuondoa. Huondolewa kwa upasuaji mfupi, na lenzi bandia ikawekwa mahali pake. Basi mzee anayekaa gizani kwa kukosa nauli hakushindwa na ugonjwa. Ameshindwa na umbali.

Wametutangulia wengine katika somo hili. Mwaka 1976, mjini Madurai, kusini mwa India, Daktari Govindappa Venkataswamy, aliyekwisha kustaafu utumishi wa serikali, na ambaye vidole vyake vilikuwa vimepindishwa na ugonjwa wa viungo, alianzisha hospitali ya macho ya Aravind ikiwa na vitanda 11. Nao walipeleka kambi vijijini, wakagundua kwamba matibabu ya bure peke yake hayatoshi. Wakaongeza usafiri na chakula. Wenye uwezo hulipa, na malipo yao husaidia kuwatibu wasio nao. Baadaye walifungua vituo vidogo vya macho karibu na vijiji, ambako mhudumu aliyefunzwa hupima, na daktari aliye mbali huzungumza na mgonjwa kwa njia ya mtandao. Kambi huja ikaondoka, kituo hubaki.

Hatuna uwezo wa kujenga Aravind. Hata hivyo, tunaomba mambo matatu yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, bajeti ya kila kambi ihesabu nauli ya kwenda na kurudi, ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, pamoja na safari ya pili ya kukaguliwa jicho baada ya upasuaji.

Pili, tusiende kijijini kama wageni wa siku moja. Tutangulie kushauriana na wahudumu wa zahanati, na tufuatane na mzee aliyekwisha kupasuliwa akaona tena. Neno lake litaondoa hofu kuliko hotuba zetu zote.

Tatu, vyumba vya wageni vilivyo nyuma ya hekalu viwapokee wanaosubiri upasuaji, bila kuulizwa dini wala kabila, na jiko letu liwapikie. Tunajua vyumba hivyo vilikusudiwa wageni wa sherehe na harusi, na kwamba baadhi yenu mlivichangia kwa nia hiyo. Ndiyo sababu tunaliomba jambo hili hadharani, mbele yenu nyote, ili liamuliwe kwa ridhaa.

Wazee wetu walitufundisha seva, yaani utumishi usiongoja malipo. Majirani zetu husema kutoa ni moyo. Maneno ni mawili, njia ni moja. Nayo, ndugu zetu, haianzii mlangoni pa hospitali. Huanzia mlangoni pa bibi yule, ambaye hadi leo anatungoja.