Darasa la Pumzi: Hotuba ya Walimu wa Yoga katika Siku ya Wakimbizi Duniani, Kambi ya Dzaleka

 

Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Tumepangwa baada ya ngoma na kabla ya chakula, na maana yake tunaijua, kwa hiyo hatutazunguka.

Sisi ni walimu watano wa darasa la yoga na pumzi. Watatu tumetoka Kongo, mmoja Burundi, mmoja Rwanda. Hakuna kati yetu aliyekwenda Uhindi. Wa kwanza wetu alijifunza kwa kijana aliyefundishwa Nairobi, ambako tangu 2007 shirika la Africa Yoga Project limekuwa likiwafundisha vijana wa mitaa kuwa walimu. Wengine tulijifunza kwake, na kwa vitabu, na kwa makosa yetu. Kosa moja tutalisimulia leo.

Kamati imetuomba tujibu swali lililoulizwa katika mkutano uliopita. Mzee mmoja alisimama akasema: «Watu wanalala njaa, na ninyi mnawafundisha kupumua? Kupumua ni nani asiyejua?» Watu walicheka, na sisi tulicheka. Lakini swali ni la haki. Mgao umepunguzwa zaidi ya mara moja, na kila mmoja hapa anajua unga unaisha tarehe ngapi. Pumzi haipikwi. Mtu akituambia darasa letu linaondoa njaa, anatusingizia.

Sisi hatukuanza na tumbo, tulianza na usiku. Mwaka 2018, kwenye foleni ya maji, akina mama walikuwa wakiulizana asubuhi: «Umelala?» Tulidhani ni salamu tu. Kumbe lilikuwa swali lenyewe. Mmoja anasema alilala saa nane, mwingine anasema aliamka saa tisa akakaa akisikiliza mlango. Ninyi mnajua nyumba zetu: ukuta ni mmoja, jirani akikohoa wewe unaamka. Kambi hii ilifunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, ikapangwa kwa watu kama elfu kumi hivi. Leo tunazidi elfu hamsini. Usingizi hapa ni kitu cha kutafuta, kama kuni. Na yule aliyekuja na mambo mazito moyoni hata nyumba ikiwa kimya yeye halali.

Basi tulianza na watu saba, juu ya shitingi kuukuu.

Yoga ni nini? Ni mafunzo ya zamani sana ya Uhindi. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na asili yake ni kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyounganishwa chini ya nira. Hapa vinavyounganishwa ni mwili, pumzi na akili. Picha mlizoziona za mtu aliyejikunja kama kamba ya ndoo, hizo si zetu. Sisi tunakaa juu ya kiti au mkeka. Tunainua mikono pumzi inapoingia, tunaishusha inapotoka. Tunazungusha mabega yaliyobeba maji. Tunageuza mgongo polepole, kulia na kushoto. Mama mwenye miaka sabini anafanya, na mwenye mguu mmoja anafanya. Halafu tunakaa kwenye pumzi robo saa, na hapo ndipo kazi ilipo.

Tuseme pia juu ya dini, maana jambo hili lilitusumbua. Mchungaji mmoja alihubiri kwamba tunaita mapepo. Hatukumjibu mimbarini, tulimwalika. Alikuja na Biblia yake, akakaa mlangoni wiki tatu akisikiliza kila neno. Hatukumficha kwamba yoga ilitoka ndani ya dini na falsafa za Uhindi, na kwamba huko wako wanaoifanya kama ibada. Sisi hatuimbi majina ya miungu wala hatusujudii kitu. Wiki ya nne alimleta mama yake mzazi, anayeumwa na mgongo. Mwingine hajakubali hadi leo, na tunaamkiana naye vizuri tu.

Sasa lile kosa.

Ilikuwa Februari 2019, asubuhi ya mvua. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, tukafunga mlango. Watu walikuwa kama ishirini. Tuliwaambia wafunge macho. Tulikuwa tumesoma katika kijitabu zoezi la kuvuta pumzi, kuizuia kwa hesabu, kisha kuitoa. Katika vitabu vya zamani vya yoga kuzuia pumzi kunaheshimiwa sana, na sisi tulitaka kuonekana walimu wa kweli. Mmoja wetu akahesabu: zuia, mbili, tatu, nne, tano.

Mama mmoja nyuma alipiga kelele. Haikuwa kelele ya mtu aliyeshtuka, ilikuwa kelele ya mtu anayekimbizwa. Mwalimu alimrukia akamshika mabega ili amtulize, na hilo lilikuwa kosa la pili, maana alizidi. Akatoka mvuani bila viatu. Darasa lote lilivunjika, na wengine wawili walikuwa wanalia bila kujua wanalilia nini.

Tulikwenda kwake kuomba radhi siku ya tatu. Alitueleza, na ametupa ruhusa ya kusimulia pasipo jina lake. Alipokimbia kijiji chake alijificha kwenye shamba la mihogo, mtoto kifuani, watu wenye silaha wanapita njiani hatua chache tu. Aliziba mdomo wa mtoto kwa mkono, na yeye mwenyewe akazuia pumzi. Hajui ni kwa muda gani. Mtoto yule yuko hai, ni kijana, anacheza mpira hapa. Lakini mwili wa mama ulikuwa haujapata habari kwamba walipona. Sisi tulipomwambia azuie pumzi, gizani, mlango umefungwa, tulimrudisha shambani.

Akatuambia hivi: «Kuzuia pumzi mimi najua kuliko ninyi. Nifundisheni kuitoa.»

Tulisimamisha darasa mwezi mzima. Tulikaa, tukaulizana, tukamwomba muuguzi wa kambi atusaidie kufikiri. Tuliporudi, tulirudi kwa namna nyingine, na namna hiyo ndiyo mnayoiona leo. Hatuzuii pumzi, hata kwa hesabu ya mbili. Macho yanabaki wazi, au mtu anatazama sakafu akitaka. Mlango uko wazi hata kukiwa na baridi, na baridi ya Dowa mwezi huu wa sita mnaijua. Mwalimu hamgusi mtu. Hatusemi «fanya», tunasema «ukipenda». Hakuna anayelazimishwa kulala chali. Kabla ya kila zoezi tunasema litachukua muda gani, maana mtu aliyeteswa hapendi jambo asilojua mwisho wake. Anayetaka kutoka anatoka, na hatumuulizi.

Baadaye tulisoma habari za T. Krishnamacharya, mwalimu mkubwa wa Uhindi aliyeishi 1888 hadi 1989, na za mwanawe T.K.V. Desikachar, aliyeanzisha 1976 chuo cha yoga mjini Madras, ambao sasa unaitwa Chennai. Mafundisho yao ni kwamba yoga ndiyo inayopimwa kwa mtu kama nguo kwa fundi, si mtu kukatwa ili aienee nguo. Tulisoma tukaona aibu. Kama tungeyajua hayo mapema, mama yule asingetoka mvuani.

Ndugu zetu wa mashirika huuliza kama jambo hili lina ushahidi. Tutasema tunachokijua. Mtu mzima akiwa ametulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akiwa na hofu anapumua kifuani, haraka na juu juu. Moyo hupiga upesi kidogo pumzi inapoingia, na hupunguza inapotoka. Hii ni kazi ya neva kubwa iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo kuteremka hadi moyoni na tumboni. Kwa hiyo ukirefusha pumzi inayotoka, unaupa moyo nafasi ya kupunguza mwendo. Moyo huwezi kuuamuru utulie, lakini pumzi unaweza kuiongoza, na moyo unaifuata.

Huko Boston, Marekani, daktari Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa wanawake 64 waliokuwa na majeraha ya moyo ya muda mrefu, ambao matibabu mengine hayakuwa yamewatosha. Waliogawiwa yoga walifanya saa moja kwa wiki, kwa wiki kumi. Mwishoni, zaidi ya nusu yao hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa maradhi hayo. Katika kundi la pili, lililopewa mafunzo ya afya tu, waliofika hapo walikuwa kama mmoja kati ya watano. Ni watu wachache, na Boston si Dzaleka. Hatujengi nyumba nzima juu ya tofali hilo, lakini ni tofali.

Na tunarudia kila wiki: darasa si hospitali. Mwenye vidonge vya presha aendelee na vidonge vyake, na asiinamishe kichwa chini ya moyo. Mjamzito halali kifudifudi. Anayesikia kizunguzungu aache, apumue kama kawaida yake. Anayewaza kujidhuru tunamsindikiza kwa muuguzi siku ileile, hatumwambii avute pumzi.

Mikeka ile ya rangi mliyoiona kwenye picha ilitolewa na shirika moja. Walitupiga picha nyingi kuliko mikeka. Mwaka 2022 mradi wao uliisha, wakaaga kwa adabu, na mikeka ikaenda nao kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la mali yao. Hatuwalaumu sana, daftari ni daftari. Jumanne iliyofuata watu walikuja na vikwembe na magunia yaliyoshonwa mawili mawili. Walipungua kwa wiki mbili, kisha wakarudi. Tangu siku hiyo hatuna mfadhili, na swali la nani atagharamia halitusumbui tena.

Tuwaombe jambo dogo sasa, hapo hapo mlipokaa. Msifunge macho. Weka mkono mmoja tumboni, ukipenda. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi tatu, na uihesabu kwa lugha ya mama yako: Kibembe, Kifulero, Mashi, Kirundi, Kinyarwanda, Chichewa. Sasa itoe polepole hadi tano, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Tena. Mara ya tatu, funga midomo na uitoe kwa sauti ya nyuki, mmmm, hadi iishe yenyewe. Wahindi wanaliita zoezi hili kwa jina la nyuki. Watoto wa darasa letu wanaliita pikipiki.

Asanteni. Tumesikia nyuki wengi kutoka meza ya wageni.

Sasa ombi letu kwa Kamati. Banda tunalotumia linatakiwa pia na kikundi cha ushonaji, na tunasikia litaamuliwa mwezi ujao. Washonaji wana haki, mashine zao zinanyeshewa. Hatutaki kunyang'anyana. Tunaomba banda kwa asubuhi mbili tu, Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili hadi saa moja, na tutaondoka kabla mashine ya kwanza haijafunguliwa. Ufunguo ubaki kwa washonaji. Ikiwa haiwezekani, tutakwenda chini ya mti, lakini wako wazee saba ambao kwa baridi hii hawataweza kuja.

Tarehe ya leo, 20 Juni, wazee waliokaa kambini siku nyingi wanaikumbuka kama Siku ya Wakimbizi wa Afrika, kabla Umoja wa Mataifa haujaifanya ya dunia nzima tangu 2001. Kesho, 21 Juni, ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyoadhimishwa mara ya kwanza 2015. Zimefuatana kwa bahati ya kalenda tu. Hata hivyo kesho tutakuwa bandani saa kumi na mbili, na mzee aliyeuliza swali lile tumemwekea kiti karibu na mlango. Mama yule wa shamba la mihogo ndiye atakayeongoza pumzi. Anafundisha tangu mwaka juzi, naye ni mmoja wa sisi watano tuliosimama hapa mbele yenu.

Leteni kikwembe na soksi.